Sura ya Sita: Nakala Iliyochomolewa

Ukimpelekea fundi kompyuta iliyotekwa, neno la kwanza utakalosikia mara nyingi ni hili: "Hii tupige Windows upya, itakaa sawa." Na kweli itakaa sawa. Baada ya saa moja na nusu mashine itawaka kama mpya, wepesi umerudi, kirusi hakipo. Mafaili nayo hayapo. Katika miaka yangu ya ufundi nimeona mafaili mengi yakipotea mikononi mwa mafundi wenye haraka, mafaili ambayo mhalifu mwenyewe alikuwa hajayaua, na mmoja wa mafundi hao nilikuwa mimi. Ndiyo maana sura hii siianzi na antivirusi.

Naianza na dada mmoja mwenye steshenari jirani na chuo, Dar es Salaam. Anachapa tafiti za wanafunzi, anatoa fotokopi, anatengeneza kadi za harusi na picha za pasipoti. Siku hiyo alitaka programu ya kuhariri picha, ile inayouzwa, lakini ya bure. Aliitafuta mtandaoni akaipata, na maelezo yaliyoambatana nayo yakamtaka azime antivirusi kwanza ili kraki ifanye kazi. Akaizima. Likatokea dirisha linalosema Windows inasasishwa, tafadhali subiri. Akasubiri, tena akainuka kumhudumia mteja wa laminesheni. Dirisha lile lilikuwa pazia tu. Nyuma yake programu ilikuwa inapita folda hadi folda, inafungua kila faili, inaliharibu, inalifunga, inaenda kwenye lingine.

"Kaka, njoo haraka," aliniambia kwenye simu. "Mafaili yangu yote yamekuwa meupe."

Nilipofika nilikuta alichokieleza. Zile picha ndogo zinazokuonyesha kwamba hili ni faili la Word na hili ni picha zilikuwa zimetoweka, pamebaki karatasi nyeupe tupu. Kila jina lilikuwa limeota mkia: baada ya docx au jpg pameongezwa nukta na herufi nne zisizo na maana yoyote. Na ndani ya kila folda kulikuwa na faili moja dogo lililofunguka vizuri, jina lake _readme.txt. Barua yenyewe ni ya Kiingereza, na imeandikwa kwa upole unaokera: usiwe na wasiwasi, mafaili yako unaweza kuyarudisha, bei ni dola 980, ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72 utalipa nusu, dola 490. Utume faili moja tukufungulie bure uone kwamba hatusemi uongo. Chini kabisa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, kitambulisho cha mhanga.

Dola 490 ni zaidi ya shilingi milioni moja. Kwa steshenari yenye printa moja na fotokopi ya mtumba, hiyo ni faida ya muda mrefu.

Watafiti wanaita ukoo wa kirusi hiki STOP, au Djvu, kutokana na herufi ulizokuwa ukizibandika kwenye mafaili hapo mwanzo. Tofauti na makundi yanayowinda mabenki na mahospitali, huu unawinda watu wa kawaida: mwanafunzi, mpiga picha, mwenye duka. Hauvunji mlango, unasubiri ualikwe. Njia yake kuu ni programu zilizokrakiwa na vile vijiprogramu vya kutengeneza namba za leseni, vitu ambavyo mitaani kwetu vinapita kutoka flashi hadi flashi kama chumvi baina ya majirani.

Jambo la kwanza nililomwambia dada yule ni asiguse kitu. La pili, nikachomoa modemu. Eksteno yake ya kuhifadhia kazi za zamani ilikuwa imechomekwa muda wote, na yenyewe imeshaliwa. Hapo ndipo alipokaa chini.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko ndiko kunakogharimu. Kuondoa kirusi ni kazi moja. Kurudisha mafaili ni kazi nyingine kabisa. Kirusi cha utekaji hakifuti faili. Kinayachukua yaliyomo na kuyasimba, yaani kuyachanganya kwa hesabu ambazo bila ufunguo wake hazirudi nyuma. Mtu akiingia kwako usiku, akafunga chumba kwa kufuli lake mwenyewe, ukamkamata na kumtoa nje, chumba bado kimefungwa. Antivirusi inamtoa mtu. Kufuli haijui. Nimewahi kukabidhiwa kompyuta ambayo mwenyewe aliiskani mara kumi kwa antivirusi tano, akishangaa kwa nini picha hazifunguki na huku kila programu inasema mashine ni safi. Zilikuwa zinasema kweli.

Biashara hii ni ya zamani kuliko intaneti ya majumbani. Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa wasomaji wa jarida la kompyuta na kwa watu waliokuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Aliyeshtakiwa kwa kuzituma ni Joseph Popp, Mmarekani, mwanabiolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliyekuwa amewahi kutafiti maisha ya nyani nchini Kenya. Disketi ilimuuliza mtu maswali na kumkadiria hatari yake ya kuambukizwa. Huku ikifanya hivyo, ilihesabu kimyakimya kompyuta imewashwa mara ngapi. Ilipofika kama mara 90, majina ya mafaili yalivurugwa, folda zikafichwa, na ujumbe ukadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Popp alikamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza, na mwishowe ikaamuliwa kwamba akili yake haikuwa katika hali ya kusimama kizimbani.

Kufuli la Popp lilikuwa bovu. Lilivuruga majina tu, yaliyomo hayakuguswa, na njia ya kuyarudisha ilikuwemo ndani ya programu ileile. Mwingereza Jim Bates aliichambua akatoa bure dawa yake. Lakini taarifa za wakati ule zinasema kwamba huko Bologna, Italia, watafiti wa UKIMWI walishikwa na hofu, wakafuta diski zao, na kazi ya miaka 10 ikaenda. Kirusi kilikuwa hakijagusa hata sentensi moja ya kazi ile. Kila ninaposikia "tupige Windows upya" huwafikiria watu wale.

Makufuli ya leo si ya Popp. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young wa Chuo Kikuu cha Columbia na Moti Yung wa IBM, walionyesha kwa maandishi jinsi kirusi kinavyoweza kutumia funguo mbili: mmoja wa kufungia, ambao kirusi kinatembea nao, na mwingine wa kufungulia, ambao unabaki kwa mwenye kirusi. Ni kama kufuli la kubana. Mtoto yeyote analibana likafunga, lakini kulifungua ni mpaka mwenye ufunguo aje. Waliliandika kama onyo. Onyo likageuka kuwa mchoro wa kazi. Kilichokuwa kimebaki ni namna ya kupokea pesa bila kufuatwa, na sarafu ya Bitcoin ikaileta. Kufikia Septemba 2013 kirusi kilichoitwa CryptoLocker kilikuwa kinafanya yote mawili, na tangu hapo hakuna fundi mwenye akili timamu anayekuahidi kwamba atavunja kufuli kwa nguvu. Akikuahidi hivyo, shika kompyuta yako uondoke.

Basi kama kufuli halivunjiki, fundi anafanya nini? Anachunga vilivyobaki, na anasubiri kwa akili.

Kwa dada wa steshenari tulianza hivi. Mtandao umeshakatwa. Nikaipiga picha skrini kwa simu, barua yote pamoja na kitambulisho. Kisha tukaangalia kama kazi ya kirusi imekwisha au bado inaendelea. Hili lina uamuzi wake. Ukiona majina yanabadilika mbele ya macho yako, zima hapohapo kwa kushikilia kitufe, maana kila sekunde ni faili. Lakini ikiwa kimeshamaliza, mimi huiacha mashine iwake kwanza huku nikiitambua aina ya kirusi. Mwaka 2017 Wafaransa Adrien Guinet na Benjamin Delpy walitengeneza programu zilizoweza kuuokota ufunguo wa kirusi kiitwacho WannaCry kutoka kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa baadhi ya matoleo ya zamani ya Windows, kwa sharti kwamba mashine haijazimwa tangu itekwe. Waliowahi kuzima walikosa. Ni bahati ya nadra, lakini kuisubiri dakika ishirini hakuna gharama.

Kutambua aina ni kazi ya dakika chache. Kwenye kompyuta nyingine iliyo salama unaingia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, au ile ya ID Ransomware ya Mmarekani Michael Gillespie. Unapakia barua ya mtekaji na faili moja lililofungwa, unaambiwa ni ukoo gani na kama dawa yake imeshapatikana. Yote ni bure. Fundi asiyeanzia hapo anakisia.

Ndipo tukaja kwenye kazi ambayo wengi huiruka. Kabla ya kusafisha chochote, mafaili yaliyofungwa lazima yapate nakala. Ndiyo, hayohayo mabovu. Lakini usichomeke eksteno nyingine wakati kirusi bado kipo, kwa sababu Djvu hujipangia ratiba ndani ya Windows, huamka tena na tena, na kikikuta kitu kipya hukifunga nacho. Nilitoa diski ya kompyuta, nikaiunganisha na laptopu yangu inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, nikanakili kila kitu pamoja na folda iitwayo SystemID, ambamo kirusi huacha kitambulisho cha mhanga. Asiye na kifaa cha kutolea diski anaweza kuiwasha mashine ileile kwa flashi yenye Linux na kunakili kutokea huko.

Baada ya hapo, kusafisha kwenyewe hakukuwa na makeke. Defender ya Windows ina ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka, wakati kirusi nacho kimelala, na mara nyingi unatosha. Nikaondoa ile ratiba. Nikafungua faili liitwalo hosts, ambalo Djvu hulijaza majina ya tovuti za usalama ili zisifunguke, nikalisafisha. Na hata baada ya hayo yote nikapiga Windows upya, kwa sababu mashine iliyokwisha kuingiliwa siiamini. Tofauti na fundi wa haraka ni kwamba mimi nilipiga Windows nikiwa na mafaili mkononi.

Kisha nikamwomba simu yake tubadilishe nywila. Alishangaa. Watu hudhani mtekaji amekuja kwa mafaili tu, kumbe mara nyingi Djvu huingia pamoja na mwenzake anayekusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma nje kimyakimya. Barua pepe kwanza, maana ndiyo mlango wa vingine vyote, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii, na yote yafanywe kwenye kifaa kingine. Nimemwona mtu aliyepoteza picha za harusi Jumatatu na akaunti ya Facebook Alhamisi, bila kujua kwamba aliibiwa vyote siku moja.

Sasa niseme la kwangu. Machi 2019 mwalimu mstaafu, mzee niliyekuwa nikimwamkia shikamoo tangu nikiwa na kaptula, aliniletea laptopu yake. Ndani yake kulikuwa na miaka sita ya kukusanya historia ya ukoo wao: majina ya vizazi, nyumba walizotoka, mahojiano aliyoyarekodi kwa simu na wazee ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki. Mkia kwenye majina ya mafaili ulikuwa wa Djvu, ingawa siku hizo sikulijua jina hilo. Akaniuliza, "Mwanangu, hakuna namna?" Nikamwambia, "Mzee, hakuna," nikafomati. Oktoba mwaka uleule kampuni ya Emsisoft, kwa kazi ya yule Michael Gillespie, ilitoa bure programu ya kufungua aina 148 za ukoo huo. Kwa zile za zamani iliomba kitu kimoja: jozi ya faili, moja lililofungwa na nakala yake ya kabla ya kufungwa, kwa kila aina ya faili. Mwalimu alikuwa amewahi kumtumia binti yake sura mbili kwa barua pepe. Jozi ya maandishi ingepatikana. Yaliyokosekana ni mafaili yenyewe, niliyokuwa nimeyafuta kwa mkono wangu. Nilikwenda nyumbani kwake kumwambia. Alinikaribisha chai, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilijua ni mapenzi yangu ya kumaliza kazi mapema.

Kwa hiyo nasema: faili lililofungwa si maiti. Kuanzia Agosti 2019 wenye Djvu waliziba ule udhaifu wa awali, lakini waliacha mwingine. Kirusi kikiingia hujaribu kuwasiliana na seva ya mabwana zake ili kipewe ufunguo wa mhanga huyo peke yake. Kikiipata seva, basi, ufunguo huo hauko popote ila kwao. Kikiikosa, hutumia ufunguo kilichozaliwa nao, na huo ni mmoja kwa wahanga wote wa toleo hilo waliokosa seva. Siku mmoja wao akilipa na kuutoa, Emsisoft huuingiza kwenye programu yao na wote wanafunguliwa. Utaujua kwa kitambulisho chako: kikiishia na t1, wewe ni wa kundi la pili. Cha dada wa steshenari kiliishia na t1. Bando lake lilikuwa limekata muda mfupi baada ya kupakua ile kraki.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui. Ili kifanye kazi upesi, Djvu hakifungi faili zima. Kinafunga kilobaiti 150 za mwanzo tu. Kwa barua ya kurasa mbili hiyo ndiyo barua yote. Lakini kwa video ya harusi ya gigabaiti tatu, kilichofungwa ni kichwa tu, kiwiliwili ni kizima, na zipo programu za kukarabati ambazo huiunganishia kichwa kipya kutokana na video nyingine ya kamera ileile. Faili kubwa la zip nalo hupoteza kipande cha mwanzo, vingine vikatoka vizima. Video za dada wa steshenari tulizipata karibu zote siku ya pili. Tafiti za wanafunzi zilisubiri.

Kusubiri si ndoto. Februari 2024 polisi wa nchi kadhaa, wakiongozwa na shirika la Uingereza la kupambana na uhalifu mkubwa, waliziteka seva za kundi la LockBit, mojawapo ya makundi makubwa kuliko yote ya utekaji wa makampuni. Juni mwaka huo FBI ilitangaza kwamba ina funguo zaidi ya 7,000 na kuwataka wahanga wajitokeze. Aliyekuwa amefuta mafaili yake hakuwa na cha kufungua.

Swali la kulipa huja kila mara, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini. Jibu langu ni usilipe, ingawa simlaumu mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye diski moja. Pesa hiyo ndiyo inayomlipa mtekaji atengeneze kirusi cha kesho. Na hata ukilipa, umenunua ahadi ya mwizi. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa bomba, ililipa Bitcoin zenye thamani ya takriban dola milioni 4.4. Ikapewa programu ya kufungulia, ikakuta ni ya polepole kiasi kwamba iliendelea kujirudisha kwa nakala zake yenyewe. NotPetya, kirusi cha Juni 2017, ilikuwa mbaya zaidi: namba iliyoonyeshwa kwenye skrini kama kitambulisho cha mhanga ilikuwa ya kubahatisha, haikuhusiana na ufunguo wowote. Uwe umelipa au hujalipa, hapakuwa na cha kurudishiwa.

Niseme machache kuhusu kuzuia, kwa sababu mengi mnayajua. Sasisho za Windows tunazizima kwa kuwa zinakula bando, nami naelewa uchungu wa bando. Lakini WannaCry ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kuingia nchi zipatazo 150, kiraka cha kuziba tundu ililopitia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi. Miezi miwili. Hospitali za umma za Uingereza zinakadiriwa kufuta miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000. Mwenye Windows 10 ajue kwamba sasisho zake za kawaida za bure zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine haiwezi kubeba Windows 11, Linux inaweza kuibeba vizuri tu. Kuhusu kraki, siwahukumu watu ambao leseni moja ni pato la miezi kadhaa. Nawaambia tu kwamba LibreOffice inaandika utafiti bila tatizo, GIMP inakata picha ya pasipoti bila tatizo, na zote mbili ni za bure kihalali. Programu yoyote inayokuomba uzime mlinzi ndipo iingie, jiulize kwa nini haitaki kuonwa. Na ndani ya Windows, kwenye sehemu ya ulinzi, kuna swichi ya kuzuia programu ngeni zisiguse folda zako. Ipo tangu 2017 na huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe.

Yote hayo hupunguza uwezekano. Linalokuokoa ni nakala, na si nakala yoyote.

Umewahi kuyaona makontena yenye nyota nyeupe kwenye buluu yakishushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Ni ya Maersk ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya iliingia humo kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine, na baada ya muda mfupi kompyuta za ofisi dunia nzima zikawa nyeusi. Maersk ilikuwa na nakala za mafaili mengi. Ilichokosa ni nakala ya ule moyo wa mtandao wake, zile seva zinazojua nani ni nani na nani anaruhusiwa wapi. Zilikuwa kama 150, na kila moja ilikuwa nakala ya mwenziwe, zikisasishana wakati wote. Wahandisi waliona huo ndio ulinzi: ikifa moja, zipo nyingine. Hawakuwaza kwamba kitu kinachoweza kuifikia moja kinazifikia zote. Zikafutwa pamoja.

Isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana. Muda fulani kabla ya shambulio umeme ulikatika pale, seva ikazimika, na kirusi kilipopita hakikuikuta. Walipoigundua, walijaribu kutuma data zake kwa mtandao, lakini mtandao wa pale ungechukua siku nyingi. Wakaamua mtu aibebe diski kwa ndege hadi Uingereza. Hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja aruke hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake uwanjani, naye apande ndege ya London. Kampuni yenye karibu sehemu ya tano ya uwezo wa kusafirisha makontena duniani ilianza kujengwa upya kutokana na diski iliyobebwa mkononi. Katika siku 10 walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Sisi tunaoishi na kukatika kwa umeme tunaielewa hadithi hii kuliko Wadenmark. Nakala iliyookoka iliokoka kwa kuwa ilikuwa imezimika. Eksteno ya dada yule ilikuwa nakala ya aina ya zile 149: imechomekwa usiku na mchana, mkono wa mtekaji unaifikia kama unavyofikia droo ya jirani. Hata Google Drive iliyounganishwa na folda za kompyuta itapakia juu mafaili yaliyofungwa kwa utiifu uleule, ingawa huko kuna ahueni, maana huhifadhi matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30 na unaweza kurudi nyuma ukiwahi. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliwafundisha wenzake hesabu nyepesi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mahali pengine. Mimi huwaambia wateja wangu neno moja la ziada: ichomolewe. Na mara moja kwa mwezi fungua faili mojawapo kutoka kwenye nakala hiyo, kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe kwamba linafunguka.

Ufunguo wa toleo lililompata dada wa steshenari uliingia kwenye programu ya Emsisoft baada ya miezi mitano. Nilimpigia, nikaenda na diski ile niliyokuwa nimeiweka kabatini. Mafaili yalianza kurudi moja moja, ile karatasi nyeupe ikigeuka buluu ya Word. Wanafunzi wengi wenye tafiti hizo walikuwa wamekwisha kuhitimu, wengine kwa kuchapa upya kutoka mwanzo. Hata hivyo alikaa akafungua karibu kila moja, akisoma majina kwa sauti.

Sasa ana eksteno mbili, zimebandikwa plasta nyeupe, A na B. Ijumaa jioni wateja wakipungua huchomeka ya zamu, hunakili kazi za wiki, hungoja mstari wa kijani umalizike, huchomoa. Huifunga kwenye kipande cha kanga, huitia kwenye mkoba chini ya mboga, na hupanda nayo daladala la Mbagala. Nyingine iko nyumbani, ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati la vyombo.